Mkanda wa Nansio

Kompyuta hii niliirithi kwa mjomba Lukelesha
pamoja na deni la pango na feni isiyozunguka.
Ukiiwasha hukohoa kwanza, kama mtu wa Mabatini
aliyepanda mawe na ndoo mbili.
Ndani yake, kadi ya kunasa video,
pana kama kiganja,
imekaa gizani miaka ikingoja waya wa njano.

Milembe alikuja saa nne kutoka Mwaloni,
magamba ya dagaa hadi viwikoni,
mkanda kaufunga kwa kipande cha kanga.
"Harusi ya dada yangu, Nansio, tisini na sita.
Mama yumo. Sina picha yake nyingine."
Nikamwambia kesho,
na kesho ya fundi ilichukua siku nne.

Kwanza, buluu.
Kioo kizima buluu, wala si buluu ya ziwa,
buluu ya kunyimwa.
Kifaa hakijulikani, mashine ikaandika. Draiva haipo.
"Gari lipo, dereva katoroka," akacheka Bujiku,
kijana anayejifunza kwangu.
Tukapekua boksi la marehemu: sidii arobaini,
karibu zote za kwaya,
na moja isiyo na jina, ila kwa mwandiko wake:
USITUPE.

Picha ikaja. Kila dakika mbili ikaganda.
Nikafungua ubavu wa mashine
nikakuta visubi wa ziwa, wakavu, konzi nzima,
waliofuata taa msimu gani sijui, wasirudi.
Nikapuliza. Nikasugua meno ya dhahabu ya kadi
kwa raba ya shule ya Bujiku,
nikaihamishia tundu la mbali na kadi ya sauti,
maana walikuwa wanagombea mlango mmoja
kama wapangaji wawili na bomba moja.

Haikuganda tena. Lakini bibi harusi alikuwa kijivu.
Shela kijivu, keki kijivu, ziwa nyuma yake kijivu,
na watu wote wakipanda juu ya kioo
na kutokea tena chini.
Nililaumu mkanda. Nililaumu deki.
Nilimlaumu hata mpiga picha, Mungu amrehemu kama kafa.
Usiku luku ikaisha, nikakaa gizani,
ndipo ikanijia: kadi inadhani iko Marekani.
Huko kiwandani waliipa mfumo wa kwao
na mimi sikuwahi kuiambia kwamba imefika Mwanza.
Kulipokucha nikaingia kwenye mipangilio,
nikachagua PAL,
na kitenge cha mama mmoja mnene kikawaka rangi ya chungwa
hadi Bujiku akasema "Eeeh!"

Ila wote bubu.
Midomo ikifunguka na kufumba
kama sato kwenye karai.

Waya mweupe. Nilikuwa nimeuchomeka tundu la waridi,
la maiki; kumbe kwao ni la buluu, jirani.
Halafu kale kaalama ka kunyamazisha, nani alikaweka,
nikakaondoa, na harusi ikaingia chumbani
na vigelegele vyake vyote, tukaruka.

Milembe alikuwa mlangoni, sikumwita.
Akaketi juu ya kreti la soda.
Tukangoja, hotuba ya shemeji, hotuba ya shemeji mwingine,
kisha mwanamke mwembamba akakatiza mbele ya kamera
bila kuitazama, mikono ina unga:
"Nani kachukua sufuria langu la mfuniko mwekundu?"
Akapita. Sekunde sita, labda saba.

Milembe akasimama.
"Mimi," akakiambia kioo.
"Nilichukua mimi, mama. Lilikuwa kwa kina Bituro."

Nami nikatazama chini ya kioo
nikaona kitufe cha kurekodi
sijakibonyeza.

Mkanda umechoka, kila ukiurudisha unapungua.
Nikaurudisha hata hivyo, polepole, Bujiku kashika pumzi.
Nikabonyeza.
Shemeji akaanza tena kushukuru kamati,
na sisi watatu tukasubiri kuulizwa
habari za sufuria.